Mwenyeji wa Ufukwe wa Meli

Kwa siku tisa, swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nilitikisa kichwa kukubali au sikutikisa? Bi Mwenyeji alipokuja kuniambia kuwa ana mgeni mgonjwa amelala nyuma ya hema, mimi nilikuwa nimesimama kwenye gati na mashine ndogo ya kuhesabia mkononi, nikibonyeza kila abiria anapopita kupanda boti ya kurudi melini. Nakumbuka sauti yake. Nakumbuka harufu ya udi kwenye mtandio wake. Sikumbuki kichwa changu kilifanya nini. Kama nilikitikisa, alikuwa na haki ya kudhani nimesikia na nitashughulikia. Kama sikukitikisa, pengine kosa tungeligawana. Nililigeuza jambo hili kwa kila upande, hata siku moja nikasimama mbele ya kioo nione kichwa changu huwa kinafanya nini mtu anaponisemesha nami nina shughuli. Kioo hakikunisaidia, maana nilikuwa nikijitazama.

Jambo lenyewe ni fupi. Abiria mmoja aliachwa ufukweni na boti ya mwisho. Aliyekuwa akihesabu ni mimi. Aliyelaumiwa ni Bi Mwenyeji. Na kwa kuwa aliniambia kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, katikati ya watu wasiokijua, hakuna mwingine aliyejua kuwa aliniambia. Tulijua sisi wawili tu.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni nani kwa nani. Watu wa Ibra, mji wetu wa bara huku Oman, wanajua, na asiye wa Ibra haitamsaidia. Jina la Bi Mwenyeji alilipata kazini. Kampuni ya meli za matembezi ilipokodi kipande cha pwani kupita mji wa Sur na kukizungushia ua, ilitaka mwanamke mtu mzima wa hapa, avae nguo za kikwetu, akae mlangoni mwa hema na kuwapokea abiria. Kwenye orodha ya wafanyakazi, mbele ya jina lake, paliandikwa "mwenyeji". Sisi vijana tukaongeza "Bi". Mimi nilikuwa nikimjua tangu nijue kusema, maana nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja na falaji, mfereji wa maji ya mashamba. Lakini siku hizi hata mamangu humwita Bi Mwenyeji, naye huitika.

Kazi ile tulipeana. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Nizwa, nimesomea utalii, na kwa miaka miwili nilikuwa nyumbani nikiitwa mtafuta kazi. Kampuni ilimtaka yeye. Yeye akasema haendi Sur bila ya binti wa jirani.

"Mie sipandi gari la mtu nisiyemjua mama yake," alimwambia msimamizi.

Msimamizi, mtu wa Sur mwenye subira nyingi na simu mbili, akauliza huyo binti anajua nini. Bi Mwenyeji akasema najua Kiingereza, najua kuendesha gari, na najua kuogopa, kwa hiyo sitaharibu kitu. Nikaajiriwa kwa msimu, siku za meli tu. Ndiyo kazi yangu ya kwanza na mpaka leo sijapata ya pili.

Kwenye karatasi za meli ufukwe ule unaitwa Ghuba ya Lulu. Hakuna mtu wa Sur anayelijua jina hilo. Siku ya meli tunafika alfajiri imeshapambazuka, tunakuta miavuli imefungwa safu kwa safu, vitanda vya jua vimefunikwa, taulo za buluu zimekunjwa ndani ya mapipa meupe. Meli husimama mbali, mfano wa jengo lililosahauliwa majini, na boti ndogo huleta watu kwa mafungu. Saa tatu wanaanza kushuka. Saa sita kuna chakula cha kujipakulia, kimeletwa kutoka melini, na mchele wake ni wa kutoka melini, hata maji. Saa kumi boti ya mwisho inaondoka. Kati ya hapo wanaogelea, wanalala, wanageuka upande wa pili, wanapiga picha ya hema na ya Bi Mwenyeji. Wengi hawajui wapo nchi gani. Sisemi kwa dharau. Nami nimewahi kulala ndani ya basi nikaamka Bidbid bila kujua ni Bidbid.

Siku moja bwana mmoja mwenye kofia ya majani alinisogelea akaniuliza kama kisiwa hiki kina wakaazi.

"Anasema nini?" Bi Mwenyeji akauliza.

"Anauliza kama kisiwani hapa wanaishi watu."

"Kisiwa kipi?"

"Hapa."

Akamtazama yule bwana kwa huruma. "Mwambie sisi tumekuja kwa gari. Halafu mpe tende, huenda ni jua."

Kuhusu Ghuba ya Lulu alisema, "Waambie lulu zenyewe tumeshauza, imebaki ghuba." Nilipomtafsiria mwanamke mmoja, alicheka sana, akaiandika kwenye daftari lake. Bi Mwenyeji alifurahi siku nzima. Alipenda kuandikwa.

Alikuwa muongo katika mambo madogo, na hili lazima niliseme kwa sababu lilikuja kumdhuru. Abiria walipouliza umri wake, meli hii aliwaambia sabini, meli ijayo tisini, na wale waliomzungukazunguka mno aliwaambia mia. Aliwaambia halwa ile ameipika yeye, na ilikuwa imenunuliwa Nizwa, jina la duka limebandikwa chini ya kasha. "Wanataka hadithi," alinijibu nilipomuuliza. "Wametoka mbali, niwape risiti?" Msimamizi alikuwa akisikia baadhi ya haya. Hakusema kitu, lakini alikuwa akisikia.

Nyumbani Ibra hakuwa mkarimu hivyo. Majirani wote wanajua kuwa sufuria yake kubwa haiazimwi. Mamangu aliwahi kwenda kuiomba kwa ajili ya harusi ya dada yangu, akaambiwa, "Sufuria ipo, mashallah, lakini inaumwa." Watoto wakipita kwenye mtende wake yeye yuko dirishani. Lakini mtu akishavuka kizingiti chake, akishakaa, mambo yanabadilika. Kuna fundi aliyekuja kurekebisha kiyoyozi akala chakula cha mchana, akalala, akaamshwa kwa chai. Kwake mpaka ulikuwa kizingiti. Nje yake wewe ni jirani, na jirani hana haki ya sufuria. Ndani yake wewe ni mgeni.

Njiani alikuwa hivi: anakaa mbele, kikapu miguuni, anafunga mkanda na kuushika kwa mikono miwili kama kwamba mkanda ndio usukani. Hataki redio. Anataka kuambiwa. "Haya, nambie," husema, na mimi humwambia niliyokuwa nikiyafikiri: kwamba nimetuma barua ya kazi na nimesahau kutia kiambatisho; kwamba pengine sikusahau; kwamba nikituma tena wataniona mjinga, nisipotuma wataniona mzembe. Alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini. Kisha husema, "Wewe mwanangu unautafuta ufunguo, na umeuvaa shingoni." Na mimi husema, "Lakini Bi, kama si wenyewe?" Akicheka ushungi humteremka.

Bahari hakuipenda. Huu ulikuwa msimu wetu wa pili, na mpaka siku ninayoisimulia hata kidole cha mguu alikuwa hajakitia majini. Alikaa mgongo wake ukiielekea, macho kwenye lango la hema. Kuhusu nguo za abiria, wafanyakazi wasichana tulidhani atateta, kwa sababu sisi anatuteta mkono wa nguo ukipanda juu ya kifundo. Hakuteta hata mara moja. Wanawake walipita mbele yake wakiwa na nguo za kuogea tu, wakitiririka maji, naye akawapokea, "Ahlan, ahlan, karibu, kaa kwanza," na macho yake yapo kwenye nyuso zao, anatafuta nani ana kiu, nani amechoka. Kikapuni alichukua mitandio sita ya pamba. Nilidhani ni ya kuwafunika. Ilikuwa ni ya kuwalowesha kichwa wanaozidiwa na jua.

Jambo moja tu aligombana nalo, nalo ni udi. Ratiba ya kampuni, iliyoandikwa na mtu wa ofisini mbali huko, ilisema: saa tatu na nusu, udi wa makaribisho. Bi Mwenyeji alisomewa akadhani wamekosea.

"Udi wa kuagia nimpelekee mtu ndio kwanza anaingia?"

"Bi, ni picha tu, wanataka moshi," msimamizi akasema kwa Kiarabu, kwa unyonge.

"Ukimpitishia chetezo mtu ambaye hata hajakaa, umemwambia basi, ondoka. Mimi nimwambie hivyo mtu wa watu?"

Msimamizi aliomba, tena akaomba, na siku ya kwanza ya msimu Bi Mwenyeji akakubali kwa ajili yake. Saa tatu na nusu akatoka na chetezo. Wageni wakapiga picha. Lakini pembeni ya hema walikuwa wamekaa madereva watatu kutoka Al Mintirib, waliokuja na magari yao kuwapeleka abiria mchangani. Walikuwa ndio wanaanza kahawa. Walipoona udi unapita, wakatazamana, wakaweka vikombe chini, wakasimama. Kila mmoja akafukiza ndevu na kilemba, akamshukuru Bi Mwenyeji, akamwombea heri, wakatoka. Tulisikia magari yakiwaka. Abiria waliolipia safari ya jangwani walibaki wamesimama na chupa zao za maji. Ilichukua nusu saa kuwapata madereva kwa simu, na mmoja alikuwa ameshafika barabara kuu.

"Tumefukizwa," alimjibu msimamizi kwa mshangao wa kweli. "Ulitaka tukae?"

Tangu siku hiyo udi ulipitishwa saa tisa na nusu, kabla ya boti za mwisho, na kwenye ratiba ukabaki saa tatu na nusu, na kila mtu akaridhika.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa na joto lisilo la msimu. Baada ya chakula mama mmoja mtu mzima, abiria aliyekuwa akisafiri peke yake, alishikwa na kizunguzungu karibu na hema. Bi Mwenyeji hakumwita mtu. Alimshika kiwiko akampitisha pazia, nyuma ya hema, mahali tunapoweka mikeka na masanduku ya tende, ambako upepo unapita. Akamlaza. Akalowesha mitandio, mmoja kichwani, miwili kwenye nyayo. Wale wawili hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Baadaye aliniambia kuwa walizungumza sana.

Saa tisa na ushei mambo yalikuwa mengi kwenye gati. Upepo umeanza, nahodha wa boti anataka watu wapande upesi. Mimi nabonyeza. Bwana mmoja amepita, amerudi kufuata miwani, amepita tena. Bi Mwenyeji akaja ubavuni kwangu, hakutazama maji, akasema, "Mwanangu, nina mtu nyuma, yule bibi mwenye nywele fupi. Usimweke boti hii, hajaweza kusimama. Mwekee ya mwisho, uniite nimlete." Nilisikia kila neno. Ninaweza kuyaandika, nimeyaandika. Lakini yalipita kama mtu anayepita barabarani na wewe uko dirishani. Nikabonyeza.

Boti ya mwisho ilipojaa nikatazama mashine. Walioshuka asubuhi na waliopanda walilingana. Nikatia sahihi, nikainua bendera ya kijani, boti ikaenda. Nilipata hata ile raha ndogo ya namba kulingana.

Nilikuwa nakunja taulo Bi Mwenyeji alipokuja.

"Boti ya mgeni wangu inafika saa ngapi?"

Nikamtazama. Nikatazama bahari. Alinitazama uso akaelewa, akarudi nyuma ya hema haraka.

Nilimkimbilia msimamizi, lakini simu yake ilikuwa imeshalia; melini huwa wanapitisha kadi ya kila abiria kwenye mashine, na kadi moja haikupita. Boti ikarudishwa. Msimamizi alikuja hemani na simu sikioni, uso umembadilika, akauliza kwa Kiarabu, "Nani alimweka mtu huyu hapa?"

"Mimi," Bi Mwenyeji akasema. "Alikuwa anaumwa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, na taulo mkononi. Nilingoja aseme lililobaki. Hakusema. Msimamizi hakuuliza. Na mimi nikaendelea kungoja, mpaka nafasi ya kusema ikapita, na nikaona inavyopita.

Boti ilipofika haikuweza kufunga vizuri kwenye gati kwa sababu ya mawimbi, ikasogezwa upande wa mchanga. Mabaharia wawili walitaka kumbeba yule mama. Hakutaka kuuachia mkono wa Bi Mwenyeji. Basi Bi Mwenyeji akaingia naye. Aliingia na viatu vyake, kanzu yake, suruali yake ya marinda, maji mpaka magotini, hakuangalia chini, akamkabidhi mkononi mwa baharia kama mtu anayekabidhi mtoto. Alipotoka marinda yalikuwa yanachuruzika maji. Nilimpa taulo. Tuliendesha mpaka Ibra, na hakusema "Haya, nambie".

Baada ya hapo mambo yalikuwa ya karatasi. Jamaa za yule mama walilalamika. Kampuni ikataka maelezo. Msimamizi alinipigia, akasema Bi Mwenyeji asije tena, na akaniomba nimwambie. Nilimwambia mamangu, mamangu akamwambia yeye. Hivyo ndivyo nilivyolifanya.

Siku mbili baadaye msimamizi akanitumia maelezo kwenye simu. Ukurasa mmoja, umeshachapwa. Ulisema mwenyeji wa hema alimzuia abiria sehemu isiyoruhusiwa bila kumjulisha mfanyakazi yeyote, na hivyo hesabu ya gatini haikuweza kugundua. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi. Shahidi ni mimi.

"Njoo Alhamisi utie sahihi," alisema. "Na nimekuombea jambo. Wanataka mtu wa kudumu, mwaka mzima, si siku za meli tu. Nimekutaja wewe."

Nikasema ahsante. Nadhani nilisema mara mbili.

Watu huandika kuwa katika hali kama hiyo moyo unauma. Wangu haukuuma. Chakula kilikuwa chakula. Nilikwenda Nizwa na kaka yangu kununua tende za nyumbani, nikasimama sokoni nikionjeshwa aina nne, nikasema zote nzuri, na kama ungeniuliza ipi ni tamu zaidi nisingejua. Nilichokuwa nacho ni fikra tu, zinazunguka. Nikisema, nitakosa kazi, na baba yangu ameshawaambia watu msikitini. Nikisema, pengine hata yeye hatarudishwa, basi faida iko wapi? Pengine kweli alikosea, kwa nini hakumwita daktari wa meli? Kweli, alikosea hapo. Pengine yeye mwenyewe hataki kurudi. Pengine sikutikisa kichwa. Niliweza kukaa hivyo kutoka alasiri mpaka magharibi, nimeshika kikombe, chai imepoa.

Jumatano baada ya alasiri nilikwenda kwake. Si kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nilitaka aniambie kama nilitikisa.

Alikuwa barazani anashona kofia, zile za vitobo, kitambaa kimenyooshwa gotini, miwani miwili puani, mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ingia. Mbona uso wako kama wa mtu aliyetoka hospitali? Kaa kwanza."

Nikakaa. Akaniletea kahawa na sahani ya vitumbua, akarudi kwenye sindano. Aliniuliza hali ya mama, hali ya baba, kiyoyozi chetu kinapiga kelele gani ile. Nikajibu yote.

"Bi," nikasema, "siku ile uliniambia kuwa yuko nyuma."

"Nilikwambia."

"Mbona hukumwambia msimamizi kuwa uliniambia?"

"Aliniuliza nani kamweka. Nani kamweka? Si mimi? Kashavuka pazia langu, kalala mkeka wangu, ni mgeni wangu. Ningeanza kutaja na watu, ningekuwa natafuta wa kumtupia."

"Lakini nilikosea mimi."

"Ulikosea wewe kuhesabu. Mimi nilikosea kukuamini na ile sura yako." Alisema bila hasira, akavuta uzi. "Wameniambia nisende tena. Haya. Magoti yangu yanashukuru."

Nilimwuliza lile swali. Nilimwuliza kwa aibu, maana likitoka mdomoni lilikuwa dogo sana. "Bi, uliponiambia, nilitikisa kichwa?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kwa kunisaidia. "Sijui, mwanangu. Mie n'likuwa nishageuka. N'likuwa na mgonjwa."

Kwa hiyo halijui yeyote. Siku tisa nimelibeba, na halijui yeyote.

Nikamwambia kuhusu karatasi. Nilidhani anajua. Nilimsomea kutoka kwenye simu, nikitafsiri, kwa sababu Kiarabu cha ofisini kilikuwa kikimchosha. Nilipofika kwenye "bila kumjulisha mfanyakazi yeyote" sindano ilisimama.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Wameandika sikumwambia mtu?"

"Ndiyo, Bi."

"Wameandika nilimficha."

"Hawakusema umemficha. Wamesema bila kujulisha."

"Na hiyo ni nini, kama si kuficha?" Alivua miwani ya juu, halafu ya chini. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo, yamechoka. "Kumweka, nilimweka, nimesema mwenyewe, na waniandike. Kumficha, sikumficha. Mtu wa watu, mgonjwa, kwao wanamtafuta, mimi nimfiche? Yeye akisomewa huko kwao, si atasema, kumbe yule mwanamke aliyenishika mkono alikuwa ananificha?"

Niliizima simu nikaiweka kando ya sahani.

"Alifika salama?" akauliza. "Hilo hawakuandika?"

"Alifika. Msimamizi alisema alishuka bandari iliyofuata anatembea."

"Alhamdulillahi."

Alivaa miwani yake, ya chini kwanza. Nilingoja aniombe. Nilikuwa nimetayarisha majibu ya namna tatu, kutegemea ataniombaje. Hakuniomba. Alirudi kwenye kofia, akatafuta kitobo alichokiacha, na akasema, "Kula kitumbua, kinapoa." Nilikila. Kilikuwa kitamu, na niliona kuwa ni kitamu, na hilo lilinishangaza kiasi cha kuacha kutafuna.

Alhamisi nilifika Sur saa tatu asubuhi. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Msimamizi alikuwa ameshaichapa karatasi, ipo mezani, kalamu juu yake. Pembeni palikuwa na mkataba, umefungwa kwa kibanio.

"Hapa chini," akasema. "Jina na sahihi."

Nikaisoma yote tangu juu. Nilipofika pale, nikayakata yale maneno kwa mstari mmoja mwembamba, ili yaendelee kusomeka, na juu yake nikaandika kwa Kiarabu, kwa herufi za shule: Alinijulisha mimi kabla ya boti ya mwisho. Nilikuwa nikihesabu. Nilimhesabu mtu mmoja mara mbili na nikatia sahihi. Kisha jina langu, la baba, la babu na la kabila, kama tunavyoandika kwenye karatasi za serikali.

Aliivuta upande wake akaisoma. Akaisoma tena, na kidole.

"Mimi nilikuwa pale," alisema. "Sikusikia akikwambia kitu."

"Alisema kwa Kiswahili."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumbuki kama nilijibu."

"Basi huna hakika."

"Nina hakika aliniambia."

Simu yake moja ilitetemeka mezani, akaigeuza kifudifudi. "Unajua yule bibi husema uongo. Nimemsikia mwenyewe, miaka mia, sijui nini."

"Husema uongo wa umri," nikasema. "Mimi naandika niliyoyasikia."

"Ungeweza kusema hukumbuki. Watu husema hawakumbuki, mambo yanapita."

"Nimelifikiri hilo."

"Najua umelifikiri," akasema, na karibu acheke. Akauchukua mkataba, akautoa kibanio, akaurudisha kwenye droo. Hakuifunga droo kwa nguvu. "Nitaipeleka hivi hivi ilivyo. Sijui watasemaje. Yeye pia sijui kama watamrudisha."

"Ipeleke. Na mimi nataka nakala."

"Nakala ya nini?"

"Si yangu. Ya Bi Mwenyeji."

Akasimama akaitia kwenye mashine iliyokuwa nyuma yake. Ilitoka ina joto. Nilimwambia agonge muhuri, kwa sababu Bi Mwenyeji karatasi isiyo na muhuri haiamini, akagonga, asili na nakala. Nikaikunja mara moja tu, nikashuka ngazi, na kabla ya alasiri nilikuwa barazani Ibra nikimsomea, polepole, tangu mstari wa juu.